Mleta uzi wa watalii Bagamoyo: simamisha hiyo saruji kwanza

Mkuu, umeuliza mambo matano: kamati yenu iutangaze vipi mji wa Bagamoyo, usafiri wa kutoka Dar, tamasha, soko la vyakula vya usiku, na kuzigeuza nyumba kongwe za Mtaa wa India ziwe nyumba za wageni. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, umebandika makisio ya mkandarasi: kubandua lipu yote ya zamani, kupiga lipu ya saruji, rangi ya mafuta, kung'oa boriti na kumwaga slabu ya zege, madirisha ya alumini. Kazi inaanza Jumatatu.

Isianze! Hayo mengine manne yanaweza kusubiri mwaka mzima na hakuna kitakachoharibika.

Mtalii haji Bagamoyo kwa sababu ya ufukwe, maana ufukwe anao Zanzibar. Anakuja kuona mji ulipoishia msafara wa kutoka Tabora na Ujiji, mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, mji ambao mwili wa Livingstone uliletwa 1874 ukalala misheni kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Njia hiyo ya misafara iko kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Mnachouza ni kuta zile. Hakuna anayekaa kwenye ndege kwa muda wa saa kumi kuja kupiga picha dirisha la alumini, la alumini analo kwao.

Sasa sikiliza ukuta wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu mkandarasi wako ama haujui ama hataki uujue. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita au zaidi. Hauna msingi wa kuzuia maji kama nyumba za leo. Unafyonza unyevu kutoka ardhini, na wenyewe unautoa nje kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu. Unyevu huo umebeba chumvi. Lipu ya chokaa inakubali kuliwa na chumvi taratibu, unaibandika upya kila baada ya miaka, jiwe linabaki salama.

Ukipiga saruji unaziba pua. Maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Masika ya kwanza utaona weupe kama unga usawa wa kiuno. Baadaye lipu inavimba, ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama debe tupu. Ikianguka haianguki peke yake: saruji ni ngumu kuliko tumbawe, inabanduka na uso wa jiwe. Unyevu uliopanda hadi dari unazikuta ncha za boriti zilizozikwa ukutani, zinaoza kimyakimya ndani huku nje rangi ya mafuta inang'aa. Mgeni wako amelala chini yake.

Niliambiwa na mtu mwenye vyeti kwamba "saruji ni imara zaidi, chokaa ni umaskini". Niliamini, nikalipia mara mbili, kupiga na kubandua, na ukuta haukurudi ulivyokuwa. Hasira yangu iko hapo. Watu hawa wanalipwa kwa mita za mraba, saruji inashika siku moja, wanakusanya ngazi zao na kuondoka kabla ya masika. Mwulize wako swali moja tu: ukuta huu utapumulia wapi? Akikujibu kwamba ataongeza dawa ya kuzuia maji kwenye saruji, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Na slabu ni mbaya kuliko lipu. Vyumba vile ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hivi, kwa sababu urefu wa boriti ndio ulioamua. Kuta zilijengwa kubeba miti ya mikoko na chokaa, hazikujengwa kubeba zege na nondo. Boriti iliyooza badilisha hiyo moja, acha nzima. Mikoko inahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu, anza kukifuatilia leo kwa sababu hakitoki ndani ya wiki moja. Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe Zanzibar, nyumba ya 1883, sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati, na watu walikufa. Majengo haya hayataki haraka.

Fanyeni hivi. Kwanza Idara ya Mambo ya Kale, kibali kabla ya tindo. Kisha paa na gata, kisha maji ya chini: ondoeni sakafu ya zege iliyozunguka nyumba, inayasukuma maji yaingie ukutani, na msikubali mtaa utandikwe vitofali juu ya usawa wa kizingiti. Saruji ya zamani ibanduliwe kwa mkono, tindo na nyundo ndogo, kuanzia juu. Mahali inapong'ang'ania na kung'oa jiwe, iacheni. Ukuta ukae wazi ukauke msimu mzima wa kiangazi. Chumvi inayotoka isuguliwe kwa brashi kavu na kuzolewa, msiioshe kwa maji, mtairudisha ndani.

Chokaa izimwe shimoni na ilale chini ya maji miezi mitatu ikiwezekana. Ndoo 1 ya uji mzito wa chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa baharini hapana, hata ukipewa bure, hiyo ni chumvi mnaipanda wenyewe. Lowesha ukuta kabla, koti moja lisizidi sentimita 1, kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa hukaza taratibu kwa hewa, jua kali likiipata mapema inapasuka na kuwa unga. Ndiyo maana kazi ya nje ni Juni hadi Septemba, si katikati ya mvua wala Januari. Koti la pili baada ya la kwanza kukaza. Mwisho paka chokaa nyepesi mara nne au tano, kila koti jembamba kama maziwa. Rangi ya mafuta isiingie hata getini.

Mafundi wa chokaa hamtawapata kwenye duka la vifaa. Wapo Unguja na Lamu. Waulizeni Mamlaka ya Mji Mkongwe kule Zanzibar, mlipeni mzee mmoja aje miezi miwili, na mweke vijana wenu wanne chini yake wajifunze. Hizo fedha za kamati zinatosha kwa nyumba moja iliyofanywa sawasawa, na wageni wakishalala ndani ya hiyo moja, wenye nyumba jirani watakuja wenyewe kuuliza. Msianze na kumi.

Milango ya nakshi: atakuja mtu kutaka kuinunua, au fundi wako atasema mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umeliwa na mchwa, uende mlango wote. Mfaa hukatwa palipooza na kuungwa. Mlango ukishaondoka, ile nyumba haina picha.

Tamasha na mambo ya usafiri tuyazungumze siku nyingine. Kesho asubuhi nenda kwenye nyumba ya kwanza, gonga ukuta usawa wa kiuno pande zote nne, piga picha karibu kabisa, na picha ya ncha za boriti zinapoingia ukutani. Ziweke hapa kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.