Lifue blanketi la viraka kabla hujalitoa zawadi

Kila ninayemfundisha kushona blanketi la viraka hufika mahali akaniuliza: nikishamaliza, nilifue kwanza au nilitoe hivihivi likiwa na upya wake? Jibu langu ni lilelile. Lifue. Kama kuna rangi itakayochuja au mshono utakaoachia, heri yatokee mikononi mwako, wewe unayejua lilivyoshonwa na mwenye uzi na sindano, kuliko yamkute uliyempa. Yeye huenda akanyamaza kwa kukuonea haya, akalificha kabatini.

Wanaopinga wana hoja yao. Blanketi jipya limenyooka, pembe zimekaa sawa, na maji hulitia mikunjo. Ni kweli. Kijazo cha katikati kikiwa ni pamba husinyaa kidogo, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, nacho huvuta kitambaa cha juu na cha chini vikajikunyata kando ya mishono. Mimi naipenda sana mikunjo ile midogo. Blanketi hulainika, hukaa vizuri mwilini, na mshono uliopinda kidogo hauonekani tena. Isitoshe, usipolifua wewe, litasinyaa siku mwenyewe atakapolifua mara ya kwanza, naye atadhani ameliharibu.

Halafu kuna usafi wenyewe. Blanketi hilo limekaa kwako wiki au hata miezi. Limepita chini ya cherehani, limeburuzwa sakafuni, limeshikwa na mikono yenye jasho. Lina vumbi, vipande vya nyuzi, alama za chaki, pengine na gundi ya kushikizia, bila kusahau dawa za kiwandani ambazo vitambaa vipya huja nazo. Kama anayepewa ni mtoto mchanga, kwangu hiyo pekee ni sababu tosha. Kabla ya kulitia majini lipapase lote kwa kiganja, polepole, juu na chini. Pini iliyosahaulika kati ya tabaka haionekani kwa macho, lakini kiganja huipata.

Sasa rangi, maana hapa ndipo watu wanapoogopa, na wana haki. Nyekundu, buluu iliyokolea, zambarau na nyeusi ndizo ninazozishuku kwanza, hasa zikipakana na nyeupe. Zijaribu mapema kwa vipande vilivyobaki. Kitie kipande kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kiache nusu saa, kisha kilaze kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe mpaka kikauke. Maji yakibadilika rangi lakini kitambaa cheupe kikabaki cheupe, sina wasiwasi sana. Kikidaka rangi, najua blanketi hilo litataka uangalizi. Chumvi na siki usizitegemee. Ushauri huo umeenea mno, lakini pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani haishikizwi rangi kwa vitu hivyo. Kinachofaa ni maji mengi, sabuni ya kutosha, na karatasi za kunasa rangi ukizipata.

Rangi huleta madhara zaidi blanketi bichi linapoachwa limejikusanya. Rangi inayoelea kwenye maji mengi huondoka nayo. Iliyobanwa kati ya kitambaa na kitambaa huhamia kwa jirani. Kwa hiyo usilifue jioni ukaenda kulala likiwa bado ndani ya mashine. Na ukiona wekundu umeingia kwenye weupe, usilianike. Lirudishe majini papo hapo. Kama ni la pamba tupu, jaza bafu au beseni kubwa maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, lizamishe lote, liache saa kadhaa, badilisha maji, rudia mpaka maji yabaki meupe. Nimeshuhudia madoa ya waridi yaliyotapakaa kwenye kitambaa cheupe yakitoka yote kwa njia hii. Inataka subira tu.

Alama za kalamu inayofutika kwa maji zitoe kwa maji baridi matupu, kabla ya sabuni na kabla ya pasi, kwani joto laweza kuzigandisha zisitoke tena.

Kufua kwenyewe si kazi ngumu: maji baridi, mzunguko wa taratibu, sabuni ya maji kidogo isiyo na manukato. Dawa ya kung'arisha na ya kulainisha ziache. Ukifua kwa mkono, libonyezebonyeze tu. Usilifikiche wala kulisokota. Blanketi lililolowa lina uzito mkubwa, na ukilinyanyua kwa pembe moja uzito wote unaning'inia kwenye mishono. Pitisha mikono yote miwili chini yake, au libebe juu ya taulo. Likamue kwa kulikunja ndani ya mataulo makavu, kisha litandaze kivulini juu ya shuka safi, uvute pembe zikae sawa lingali na unyevu.

La hariri, la mahameli au lenye kijazo cha sufu lina masharti yake, na la kutundika ukutani mimi silifui kabisa.

Likikauka, kaa nalo penye mwanga ulipitie mshono kwa mshono. Katika blanketi nililomshonea mpwa wangu niliona kipande cha manjano kimeachana na cha buluu, mwanya mdogo wa kupenya ncha ya kidole, nyuzi zimeanza kuchomoka. Niliufunga kwa mshono wa kuficha, na hutajua ulikuwa wapi. Kabla ya kufua mwanya ule haukuwapo.

Hakikisha limekauka hadi ndani, kwa sababu unyevu uliobaki kwenye kijazo huleta ukungu, hasa ukilifunga kwenye plastiki. Kisha andika kikaratasi uweke juu yake: limetengenezwa kwa kitambaa gani na kijazo gani, limeshafuliwa, lifuliwe kwa maji baridi, lianikwe kivulini. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja ongeza kwamba ni la kuchezea sakafuni mkubwa akiwapo, si la kumfunikia anapolala.