Je, programu itatuchorea chipu za mwanga?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa nne. Wenzangu wa chipu za kawaida huandika msimbo tu, programu ikawapangia mamilioni ya transista. Sisi wa fotoniki, yaani chipu za mwanga, bado tunapanga njia za mwanga mojamoja. Hali hii itabadilika, au tungoje akili unde? Nianze na programu ipi?

Jibu: Marahaba. Imeshaanza kubadilika, na kuchora si tatizo tena. Kwa gdsfactory unaandika saketi nzima kwa Python, ukaikagua kwenye KLayout. Zote mbili ni programu huria. Kazi iko kiwandani.

Chukua pete ya silikoni inayochuja mwanga wa nanomita 1550. Njia yake ina unene wa nanomita 220 na upana wa kama 500. Kiwanda kikikosea upana kwa nanomita 1, wimbi linalochujwa husogea karibu nanomita 1. Chaneli za mawasiliano zilizopangwa kwa nafasi ya gigahezi 100 zinaachana nanomita 0.8 tu, kwa hiyo pete yako imeshavamia chaneli ya jirani! Ndiyo maana huwekewa hita ya kuirudisha, na hita inakula umeme. Wenzako hawana shida hiyo: transista ya kidijitali ikipotoka kidogo, 0 inabaki 0.

Kwa maoni yangu, programu itakayotawala ni ile itakayopewa na kiwanda takwimu za makosa yake, si vipimo vya kwenye karatasi peke yake. Hata akili unde itazihitaji. Kompyuta kubuni umbo si jambo geni: mwaka 2015 maabara ya Jelena Vučković, Stanford, ilichapisha kitenganishi cha mwanga wa nanomita 1300 na 1550 chenye mikromita 2.8 kwa 2.8, umbo ambalo mchoraji asingeliwaza. Lakini umbo zuri kiasi gani, bado litapita kiwanda kilekile.

Usijifunge kwenye leseni moja. Lumerical, kampuni ya programu za kulipia za kuiga mwanga, ilinunuliwa na kampuni ya Ansys mwaka 2020, na mwaka 2025 Ansys nayo ikamezwa na Synopsys. Shika Python kwanza. Na kwa laptop ya kawaida usikimbilie uigaji wa pande tatu, utakesha. Anza na MPB, programu huria iliyotoka MIT: tafuta modi (maumbo ambayo mwanga huchukua ukisafiri) za njia yenye upana wa nanomita 500, kisha 495, kisha 505, ulinganishe. Ukimaliza hapo ndipo uchore pete.