Selo ya Bach: anza na Casals

Kaka, umeuliza, ukiwa hapo Dodoma, uanze na rekodi ya nani ya zile tungo sita za mtunzi Bach za selo peke yake (ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde). Ya mpiga selo Pablo Casals, ya 1936 hadi 1939. Ina mikwaruzo kama redio ya marehemu babu kule Kondoa, lakini vumilia. Karatasi za noti alizikuta Barcelona akiwa na miaka 13, kwenye duka kuukuu, akazifanyia mazoezi miaka na miaka kabla ya kuzipiga hadharani. Unasikia kabisa kwamba hana haraka. Mpiga selo mwingine, Yo-Yo Ma, kazirekodi mara tatu. Yeye mlaini zaidi, mwache kwanza. Ila vaa hedifoni, spika ya simu inameza nyuzi nzito. Nawe uliyekulia kwenye zeze la Kigogo, mkwaruzo wa upinde hautakusumbua.