Mikumi na watoto kwa mara ya kwanza: ahirisha safari ya Aprili

Dada, umeuliza kama mnaweza kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi mwezi wa Aprili na watoto wawili, kwa gari lenu dogo kutoka Dar. Nakusihi, ahirisha hadi Julai au baadaye. Aprili ni masika; udongo mweusi wa bonde la Mkata unanasa hata gari la juu, na majani yanakuwa marefu kiasi kwamba simba akilala humwoni. Kuanzia Juni hadi Oktoba maji hupungua, wanyama wanakusanyika kwenye mabwawa.

Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa saa 24. Ukiingia saa sita mchana na kulala ndani ya hifadhi, kibali kimoja kinakupa jioni pamoja na alfajiri, ndiyo nyakati za kuona simba. Wengi huingia saa nne asubuhi, wanazunguka juani, wanatoka saa kumi wakilalamika hakuna kitu!

Bebeni vitambulisho vya taifa (NIDA) mlipe kiingilio cha raia. Msivae bluu iliyokoza wala nyeusi, zinavuta mbung'o. Gari lenu liacheni kambini, mkodi lenye paa la kufunguka. Na watoto wasishuke garini, hata kujisaidia, mpaka sehemu iliyoruhusiwa.