Uliza Fundi: Injini Mpya, Ubaridi Umekwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux Surf ya mwaka 1997. Mwaka jana silinda hedi ilipasuka nikipandisha Newala kutokea Masasi, nikashauriwa niachane na injini yake ya 1KZ, nifunge injini ya 3L ya mtumba kutoka Dar. Injini haina tatizo. Shida ni AC. Nikiwa njiani kwenda Lindi inapoza mpaka watoto wanaomba nipunguze, lakini nikisimama Mnazi Mmoja kununua madafu, dakika tano tu hewa inakuwa ya uvuguvugu. Nimejaza gesi mara tatu ndani ya miezi minne. Sasa naambiwa kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi ya AC, imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?
Msomaji wa Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue, angalau si wiki hii.

Kompresa iliyokufa haifufuki ukifika Mikindani. Jibu umeliandika mwenyewe: ikitembea inapoza, ikisimama inachoka. Gari likiwa mwendoni, upepo unapiga kondensa, ile ya mapezi mbele ya rejeta inayotoa joto la AC, bure, haulipiwi. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Basi kabla ya kuuliza kompresa ina nini, uliza feni imekaaje.

Ukibadili injini, feni nayo inahama. Inasogea mbele au nyuma, juu au chini, na lile kava la plastiki linaloizunguka nyuma ya rejeta linagoma kuenea. Fundi mwenye haraka analitoa na kulitupa uani. Gereji moja nimekuta kuku anatagia humo, na mwenye gari yuko barazani anapigiwa hesabu ya kompresa. Bila kava, feni inakoroga hewa ya moto ya injini palepale ilipo badala ya kuivuta kupitia kondensa. Fungua boneti uangalie: kava liwepo, na mapanga ya feni yawe yameingia ndani yake kama nusu ya upana wake. Kama wamekufungia feni ya umeme, washa AC, weka karatasi mbele ya kondensa. Ikivutwa, sawa. Ikisukumwa, waya zimegeuzwa na feni inapuliza kinyume. Usicheke, ni jambo la kila mwezi.

Kipimo kingine ni cha ndoo ya maji. Gari likiwa limesimama na AC imeanza kuchoka, mwagia maji kondensa kupitia matundu ya mbele, taratibu, yasifike kwenye injini. Hewa ikirudi kuwa baridi ndani ya dakika moja au mbili, kompresa yako ni nzima, shida ni joto kukosa pa kutokea. Kabla hujaanza kumwaga, chungulia kondensa yenyewe pia. Surf inayopita barabara za vumbi msimu wa korosho, kisha inalala karibu na bahari, mapezi yake huziba udongo mwekundu na kuliwa na chumvi.

Sasa hiyo gesi. Mara tatu! Gesi ya AC haiunguzwi kama dizeli, inazunguka mlemle miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Na kama haikupungua ukaongezewa, basi imezidi, na ikizidi presha inapanda, ubaridi unashuka, hasa gari likisimama. Mwulize fundi wako alipima kwa mizani au alisikiliza mlio tu. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi, na gesi ya R134a, geji ya upande wa presha ya chini husoma kama psi 30 hadi 45, na ya presha ya juu psi 200 hadi 250. Ukiona ya juu imepita 300 gari likiwa limesimama, kisha inashuka ukimwaga maji, umepata ushahidi wako. Kama kweli inavuja, tafuta kwenye maungio mapya. Paipu za 3L hazikai kama za 1KZ, kwa hiyo lazima waliunga mahali. Pitisha kidole: palipovuja pana mafuta, na vumbi limegandia hapo kama ugoro. Malizia kwa povu la sabuni.

Kuna jambo moja lililonifedhehesha mimi mwenyewe, ndiyo maana silisahau. Mwaka 2011 nilimfungia mteja wa Lindi kompresa, baadaye draya, yaani kichujio kinachonyonya unyevu, baadaye valvu ya gesi, na hewa ikawa vuguvugu vilevile. Jioni moja nikashika mipira miwili ya maji inayoingia kwenye hita: yote ya moto. Kebo ya valvu ya hita ilikuwa inaning'inia tangu injini ilipobadilishwa. AC ilikuwa inapoza, hita inapasha, ndani ya sanduku lilelile la dashibodi. Nilimrudishia hela ya kompresa, na samaki juu. Kwako hewa inapoa njiani, kwa hiyo sidhani ni hilo peke yake, lakini bana mpira mmoja wa hita kwa praizi iliyozungushiwa kitambaa uone kama ubaridi unaongezeka. Haigharimu kitu.

Halafu sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta. Kwenye 3L kuna kidude cha duara pembeni ya pampu ya dizeli, kina mpira mwembamba wa vakyumu. Ukiwasha AC, kinavuta mkono wa pampu na injini inapanda mzunguko kidogo. Kwenye 1KZ kazi hiyo inafanywa na kompyuta, ndiyo maana huu mpira husahauliwa. Usipofungwa, gari likisimama injini inatetemeka na kompresa inazunguka kivivu.

La mwisho, uliza kompresa uliyonayo ilikuja na injini hiyo ya mtumba au ni ya zamani yako. Zipo 3L zilizotoka kwenye magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, yaliyotumia gesi ya R12. Mafuta ya kompresa hizo hayachanganyikani na R134a, hayarudi kwenye kompresa, na siku moja inajikaza kavu. Ikiwa ndivyo, imwagwe mafuta yote, yawekwe yanayofaa R134a, draya ibadilishwe, na hewa ivutwe nusu saa au zaidi kabla ya gesi kuingia. Unyevu wetu wa pwani ukibaki ndani, unaganda barafu kwenye valvu ya gesi.

Anza na kava. Kama lilitupwa, waulize kuku.

SWALI: Fundi, nikiegesha gari baada ya kutumia AC, maji yanadondoka chini upande wa abiria. Inavuja?
Msomaji wa Lindi

JIBU: Hapana dada, ni unyevu wa hewa yetu ndio unaokamuliwa. Kwa Lindi, siku yasipodondoka ndiyo uanze kushtuka: nyanyua zulia la mbele uone kama limelowa. Likiwa limelowa, kampira ka kutolea maji kameziba. Kapulizwe kwa upepo wa pancha.