Biti inatambaa na kisima kinatoa kidogo? Anzia kwenye tope

Mdogo wangu, umesema mko upande wa Ziwa Albert, biti (kichwa chenye meno kinachokata mwamba) inakwenda polepole kwenye udongo wa mfinyanzi, bosi anataka muongeze uzito unaoikandamiza, na kisima cha jirani kinatoa mafuta kidogo kuliko hesabu. Ni mambo mawili hayo, ila yote yanapitia kwenye tope la kuchimbia, yaani majimaji mazito yanayosukumwa na pampu hadi kwenye biti na kurudi juu na vipande vya mwamba.

Kabla ya kuongeza uzito, nenda kwenye chekeche linalochuja tope linaporudi juu, uangalie vipande vinavyopanda. Vikiwa na kingo kali, biti inakata. Vikija laini, vimeshikana kama ugali, jua udongo unavimba na kung'ang'ania meno ya biti. Ukikandamiza zaidi unaiziba kabisa. Dai chumvi ya kloridi ya potasiamu kwenye tope ili udongo usinywe maji, kisha ongezeni mwendo wa pampu biti isafishike.

Mkifika kwenye mchanga wenye mafuta, mita kwa saa si hoja tena. Tope zito kupita kiasi husukuma chembe ndani ya vitundu vya mwamba. Kulipa tope uzito, tumieni unga wa mawe ya chokaa, maana baadaye huyeyushwa kwa asidi. Baraiti, madini mazito yanayotumika sana kwa kazi hiyo, haiyeyuki hivyo, ikishaingia imeingia. Lakini shinikizo la tope lisishuke chini ya lile la mafuta na gesi ndani ya mwamba, hapo mtaita balaa, vitafoka kisimani.

Halafu mafuta ya huko yana nta nyingi, ndiyo maana bomba la mafuta la kutoka Uganda kwenda Tanga, kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa joto. Wakati wa ukarabati wa kisima msimimine maji baridi ndani yake, nta isije ikaganda. Ulizeni maabara kwanza nta yenu huanza kuganda kwenye nyuzi ngapi.