Programu ipi inanakili faili kwa mbio?

Nina kibanda cha kuwekea watu muvi hapa Tandika. Naambiwa TeraCopy itajaza flashi haraka kuliko Windows yenyewe. Kweli?

Kidogo mno, ndugu yangu. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabaiti 60 kwa sekunde. Kwenye flashi halisi, ukipata 30 shukuru. Kwa mwendo huo gigabaiti 40 ni kama dakika 22, utumie programu uitakayo. Bomba ni lilelile, kubadili ndoo hakuongezi maji. Tafuta flashi ya USB 3 inayoandika haraka, na uichomeke kwenye tundu la USB 3.

Ila TeraCopy ina faida nyingine. Faili moja ikigoma, inairuka na kuendelea, kisha inakuonyesha iliyokwama. Ukitaka, inahakiki nakala kwa kuilinganisha na ya asili. Inaongeza dakika, lakini mteja harudi usiku kulalamika kwamba kipande cha tisa hakifunguki. Toleo la bure si la biashara, na wewe uko kazini. (Haki za hizo muvi tuziache kwa leo.)

Mimi ni mwalimu. Picha za shule, maelfu kwa maelfu, zinahama taratibu kuliko video moja yenye uzito uleule. Kwa nini?

Kwa sababu kila picha, Mwalimu, hufunguliwa, huandikishwa na kufungwa peke yake. Hapo ndipo programu inaweza kuokoa muda kweli. Unayo tayari: Robocopy imo ndani ya Windows tangu Vista. Fungua dirisha la amri uandike:

robocopy D:\Picha E:\Picha /E /MT:16 /R:2 /W:5

/E huchukua folda zote za ndani, hata tupu. /MT:16 hushughulikia faili 16 kwa mpigo. Mwisho ni 128. Kwenye diski za kuzunguka usiwe na tamaa, sindano ikirukaruka huku na huko kasi hushuka. Usisahau /R (mara za kurudia) na /W (sekunde za kusubiri). Bila hizo, faili ikigoma Robocopy hurudia mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Hesabu mwenyewe: karibu mwaka mzima kwa picha moja.

Na /MIR iogope. Hufanya folda ya pili ilingane kabisa na ya kwanza, yaani hufuta kisichokuwemo kwenye ya kwanza. Niliwahi kugeuza folda hizo mbili, tupu ikatangulia. Picha za harusi ya dada yangu zikaenda. Siku hizi naanza na /L, inayoorodhesha tu bila kugusa kitu.

Flashi ina nafasi ya GB 20 lakini inakataa faili ya GB 5.

Imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa faili usiobeba faili moja ya kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT.

Natumia Linux. Umeme hukatika katikati ya kunakili. Nifanyeje?

Tumia programu ya rsync, kwa amri rsync -a --partial. Umeme ukirudi, rudia amri ileile: zilizokwisha kufika inaziruka. Angalia tu mkwaju wa mwisho wa folda unayonakili: Picha/ hunakili vilivyomo ndani, Picha hunakili na folda yenyewe.